Gari limegoma kuwaka: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo kabla ya kununua kifaa

Gari linapogoma kuwaka, wanaolizunguka huwa na majibu tayari. Mmoja atasema betri imekufa, wa pili atasema ni stata, wa tatu atataja pampu ya mafuta, na kila mmoja atakuwa na shemeji ambaye gari lake lilifanya hivyohivyo. Huenda mmoja wao amesema kweli, lakini hakuna aliyepima, na kifaa cha umeme kikishanunuliwa na kufungwa, ni nadra duka la vipuri kukubali kukipokea tena. Mimi mwenyewe nimewahi kununua betri mpya kwa ajili ya gari ambalo betri yake ilikuwa nzima, na kisa hicho nitakieleza mahali pake.

Mwongozo huu unahusu magari madogo ya petroli yaliyotumika yanayotoka Japani, kama vile IST, Vitz, Raum na Passo, kwa kuwa ndiyo yaliyojaa katika barabara zetu za Tanzania na ndiyo ninayoyajua kwa mikono yangu. Utahitaji mita ya umeme ya kawaida, tochi, spana namba 10, brashi ya waya au kipande cha msasa, boksi ya kufungulia plagi, ambayo kwa injini nyingi za magari haya ni namba 16, na mtu mmoja wa kukupigia stata wakati wewe uko kwenye boneti. Vuta breki ya mkono, weka gia kwenye P, na asiwepo mtu anayevuta sigara karibu, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na huko mbele tutafika kwenye petroli.

Sikiliza kabla ya kushika chochote

Zima kiyoyozi, redio na taa, kisha washa swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi, yaani ya injini, ya betri na ya oili, zinapaswa kuwaka zote. Ikiwa taa ya injini haiwaki ilhali nyingine zinawaka, kumbuka jambo hilo, kwa kuwa huenda kompyuta ya injini haipati umeme kabisa, na fyuzi iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa kompyuta wa kumwaga mafuta, ndiyo ya kwanza kukaguliwa.

Sasa piga stata kwa sekunde tatu au nne huku vioo vikiwa vimeshushwa ili usikie vizuri. Ukimya mtupu ni jambo moja. Mlio mmoja mzito, «ta», kisha kimya, ni jambo la pili. Milio ya harakaharaka, «tatatata», ni la tatu. Injini kuzunguka kwa kujivuta kama mtu aliyebebeshwa gunia ni la nne. Na injini kuzunguka kwa kasi yake ya kila siku bila kushika moto ni la tano. Manne ya kwanza ni habari za betri, nyaya na stata. La tano ni habari za mafuta na cheche. Asiyetenganisha makundi haya mawili atatafuta tatizo la betri kwenye tangi, na fedha nyingi hupotea hapo.

Usipige stata kwa zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na kila baada ya jaribio iache ipumzike kwa nusu dakika au zaidi. Stata hula umeme mwingi na kupata joto haraka, na wapo waliofika gereji wakiwa na matatizo mawili badala ya moja kwa sababu walikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Injini haizunguki, au inazunguka kwa kujivuta

Weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, waya mwekundu kwenye nguzo chanya ya betri na mweusi kwenye nguzo hasi. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu ya chaji yake, 12.2 ni kama nusu, na ikishuka chini ya 12.0 usitarajie mengi. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwa sababu betri iliyochoka inaweza kuonyesha 12.5 ikiwa imetulia na kuanguka mara tu inapopewa kazi. Kwa hiyo mwambie msaidizi apige stata huku ukiangalia mita: betri nzima haishuki chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka hadi 7 au 6, ama haina chaji ama imekwisha, na njia ya kujua ni kuichaji ijae kisha kurudia kipimo hichohicho. Joto la pwani huzeesha betri mapema, hivyo betri ya miaka mitatu au minne ina haki ya kushukiwa, lakini kushukiwa si kuhukumiwa.

Hapa ndipo nilipokosea. Gari langu, IST yenye injini ya lita 1.5, lilianza kutoa ule mlio mmoja mzito kila asubuhi. Nilinunua betri mpya, likawaka siku mbili, siku ya tatu likarudia. Fundi umeme mmoja wa mtaani, mzee mtulivu, aliniuliza, «Kijana, umepima kwenye nguzo au kwenye kishikizo?» Sikuelewa swali. Akachukua mita, akagusisha ncha moja kwenye risasi yenyewe ya nguzo hasi na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha akaniambia nipige stata. Mita ikaruka hadi volti 1.9. Katika njia nzima ya hasi haipaswi kuzidi volti 0.3 hivi wakati stata inapigwa, kwa hiyo karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani kabla ya kuifikia stata. Alipofungua kishikizo, kwa nje kilikuwa kinang'aa, lakini ndani, pale kinapokumbatia nguzo, kulikuwa na utando wa kijivu mwembamba kama majivu ya sigara. Alikisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, akasugua na nguzo, akakaza. Gari likawaka mara moja, na lingewaka na betri ya zamani vilevile.

Ndiyo maana, kabla ya kuilaumu betri au stata, fungua vishikizo vyote viwili, ukianza na hasi na kumalizia na chanya, visugue kwa ndani, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Ukikuta ungaunga mweupe au wa kijani, umwagie maji ya moto yaliyochanganywa na baking soda, usuuze na kukausha. Kishikizo kilichokazwa hakipaswi kuzunguka kwa nguvu za mkono. Zingatia pia kwamba betri nyingi ndogo za magari ya Japani zina nguzo nyembamba, na anayefunga betri ya nguzo nene huishia kupanua vishikizo, kisha betri nyembamba ikirudi havishiki tena, na watu huchomeka vipande vya bati ili kujaza pengo. Bati hilo ni ugonjwa unaosubiri siku yake. Fuatilia na waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye gia boksi, maana huko nako huota kutu.

Upande wa chanya hupimwa kwa namna hiyohiyo: ncha moja kwenye nguzo chanya, nyingine kwenye boliti nene ya waya mkubwa ulioko kwenye stata, na upotevu usizidi nusu volti stata inapopigwa.

Ikiwa betri imeshuka tu na unataka kubusti kutoka gari jingine, fuata mpangilio huu bila kuubadilisha. Waya mwekundu ufungwe kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi ufungwe kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ifungwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri, ili cheche inayoruka isikutane na gesi ya betri. Liache gari zima lingurume kwa dakika chache ndipo upige stata. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa sekunde moja, unaweza kuunguza fyuzi kuu, altaneta inayochaji betri, au kompyuta, na gharama yake haifanani na ya betri. Gari la otomatiki usilisukume kwa matumaini ya kuliwasha, kwa sababu injini ikiwa imezimika gia boksi haina shinikizo la oili la kuiunganisha na magurudumu.

Sasa tuseme betri ni nzima, vishikizo ni safi, na bado kuna ukimya. Washa taa kubwa za mbele, kisha piga stata huku ukiangalia mwanga wake ukutani. Zikififia sana au kuzimika, umeme bado unakwama kwenye betri au kwenye nyaya nene, ama stata imekwama na inameza umeme wote. Zikibaki vilevile kana kwamba hukufanya chochote, amri ya kupiga stata haifiki. Katika hali hiyo kanyaga breki, sogeza gia hadi N na ujaribu tena, kwani swichi ya usalama ya gia boksi ikichakaa hukataa kwenye P na kukubali kwenye N. Kwa magari yanayowashwa kwa kitufe, betri ndogo ya rimoti ikiisha gari haliutambui ufunguo. Bonyeza breki, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe, kisha kibonyeze, na Toyota nyingi zitakubali. Kagua pia fyuzi na relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) iliyoandikwa ST, yaani ya stata, na ikiwa kuna relei nyingine inayofanana nayo namba kwa namba, kama ile ya honi, zibadilishane kwa muda.

Mlio mmoja mzito, betri nzima na nyaya safi kwa pamoja vinaielekea stata. Mwambie msaidizi apige stata huku ukiigonga kwa kiasi kwa mpini wa spana. Ikizunguka, brashi zake au swichi yake ya sumaku (solenoidi) zimechoka; imekupa nafasi ya kufika gereji, na usiizime njiani.

Injini inazunguka vizuri lakini haishiki moto

Anza na ufunguo. Magari mengi yana mfumo wa kuzuia wizi unaosoma chipu iliyomo ndani ya ufunguo, na nakala iliyochongwa mtaani bila chipu itafungua mlango, itageuza swichi, pengine itazungusha stata, lakini injini haitawaka, au itawaka na kuzima papo hapo. Kwenye Toyota zenye mfumo huu kuna taa ndogo ya usalama inayomwekamweka ufunguo ukiwa nje na kuzimika unapouingiza. Ikiendelea kumwekamweka, ufunguo haujatambuliwa, kwa hiyo jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua kitu chochote. Kuna pia alamu za kufungiwa huku kwetu na vifaa vya kufuatilia gari, ambavyo mara nyingi vina relei ya kukata umeme wa pampu au wa stata. Relei hiyo huwa imefichwa chini ya dashibodi, imeunganishwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia tepu, na tepu hiyo huachia kwa joto. Ikiwa gari lako lina kifaa cha namna hiyo, kishuku mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Kisha mafuta. Geji ya magari yaliyotumika hudanganya, kwa hiyo kama gari lilikuwa karibu na chini, hasa likiwa limeegeshwa kwenye mteremko, ongeza lita tano za petroli kabla ya kuendelea. Baada ya hapo funga redio, washa swichi na usikilize kwenye kiti cha nyuma. Magari mengi hutoa mvumo wa pampu kwa kama sekunde mbili. Hata hivyo, kwenye baadhi ya Toyota pampu haifanyi kazi mpaka injini ianze kuzungushwa, kwa hiyo ukimya wa hapa si ushahidi wa kutosha, na pampu nyingi nzima zimebadilishwa kwa sababu ya ukimya huo.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye plagi. Piga stata kwa sekunde tano au sita, kisha fungua koili moja, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ambayo kwa kawaida hushikwa na boliti moja ya namba 10, na utoe plagi yake. Iangalie na uinuse. Ikiwa kavu na haina harufu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayawaki, ama kwa kukosa cheche, ama kwa sababu yamezidi. Jambo dogo kama hili, la kutazama na kunusa, hukata nusu ya kazi iliyobaki.

Ikiwa imelowa, futa plagi zote, zikaushe, uzirudishe, kisha kanyaga mafuta mpaka chini na upige stata kwa sekunde kama tano hadi kumi. Kompyuta nyingi hutafsiri hivyo kuwa ni agizo la kukata mafuta ili silinda zikauke. Ikikohoa na kuwaka, injini ilikuwa imekunywa mafuta tu, jambo linalotokea kwa urahisi mtu anapowasha gari, kulisogeza mita chache na kulizima likiwa bado baridi.

Ikiwa bado haiwaki, pima cheche. Chomoa soketi za nozeli zote ili petroli isimwagwe, chomeka plagi kwenye koili yake nje ya injini, hakikisha chuma cha plagi kimegusa barabara chuma kitupu cha injini, mbali na tundu ulilolifungua, na msaidizi apige stata kidogo. Usiishike kwa mkono mtupu. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio unaosikika. Ya njano iliyofifia haitoshi.

Ikiwa plagi ilikuwa kavu, kazi iko kwenye pampu, ambayo imo ndani ya tangi na kwenye magari mengi madogo hufikiwa kwa kunyanyua kiti cha nyuma. Pima kwenye soketi yake stata ikipigwa. Kama volti 10 na kitu au zaidi zinafika na pampu iko kimya, pampu imekufa, na kugonga chini ya tangi kwa kiganja kunaweza kuiamsha kwa mara ya mwisho. Kama umeme haufiki, pampu haina kosa, na unarudi kwenye fyuzi, relei na kile kikatio cha alamu. Kama pampu inazunguka lakini mafuta hayafiki, chujio limeziba au shinikizo ni dogo. Injini kama 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ya IST, huhitaji kilopaskali 304 hadi 343, na kipimo hicho mwachie fundi mwenye geji yake.

Naomba msomaji akae kidogo na hali inayofuata. Cheche hakuna kwenye silinda zote nne, na mafuta nayo hayafiki. Ni vigumu mno kwa koili nne na pampu kufa asubuhi moja. Vitu vinavyokufa pamoja vina mzazi mmoja, na wazazi ni wachache: fyuzi au relei ya EFI, mfumo wa kuzuia wizi, au sensa ya kranki. Sensa hii ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta huamini injini imesimama, na haitoi cheche wala haifungui nozeli. Dalili yake maarufu ni gari linalozima likiwa limepata joto, linagoma kwa nusu saa, kisha linawaka kana kwamba halikuwa na shida. Kwenye 1NZ-FE iko karibu na puli ya kranki, upande wa mikanda, ina nyaya mbili, na mita ikionyesha mkato kabisa kati ya nyaya hizo, imekufa. Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, ikitoa P0335 inaelekeza hukohuko, lakini kodi hiyo inahusu njia nzima ya sensa, ikiwemo waya na soketi, kwa hiyo kagua waya kabla ya kununua sensa. Vifaa vidogo vya kusoma kodi kwa simu wakati mwingine havisomani na magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na kutosomana huko hakumaanishi kompyuta ya gari imeharibika.

Milio inayokuamuru uache

Stata ikizunguka kwa kasi kuliko kawaida, kwa mvumo laini usio na ule mdundo wa silinda kubana hewa, huenda cheni au mkanda wa taimingi umekatika au umeruka. Acha hapo hapo, kwa sababu kwenye injini nyingi pistoni zitazigonga valvu kila unapoendelea kujaribu.

Hali ya pili ni maji. Gari likizimika ndani ya maji ya mafuriko, kama yanayojaa Jangwani, Dar es Salaam, mvua za masika zinapozidi, usipige stata hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikikutana nayo mkono wake hupinda. Livute gari mpaka pakavu, fungua chujio la hewa uone kama limelowa, na likiwa limelowa toa plagi zote ndipo uzungushe injini ili maji yatoke kwenye matundu. Angalia pia kijiti cha oili. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa ina maji, na ni lazima ibadilishwe kabla ya kuwasha.

Kwa magari ya dizeli upande wa stata haubadiliki. Yanapozunguka bila kuwaka, tafuta hewa kwenye njia ya mafuta, hasa baada ya tangi kukauka au chujio kubadilishwa, na uitoe kwa ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio, ikiwepo, mpaka iwe ngumu. Toa maji yaliyokaa chini ya chujio. Plagi za joto hazisumbui sana Dar es Salaam, lakini asubuhi ya Njombe au Mbeya zikiwa mbovu utazijua.

Likishawaka

Injini ikinguruma, pima tena betri. Mita isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji na kesho utakuwa palepale. Ikiwa altaneta inachaji vizuri lakini betri hushuka kila usiku, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Lifunge gari, lisubiri nusu saa kompyuta zilale, kisha weka mita upande wa ampia kati ya nguzo hasi na waya wake, bila kuwasha swichi wala kufungua mlango wakati mita imeunganishwa. Kwa magari haya kipimo cha chini ya miliampia 50 ni cha kawaida. Kikizidi sana, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka kishuke. Ile iliyokishusha ndiyo yenye mwizi, na kwa uzoefu wangu mara nyingi ni redio iliyofungwa vibaya au taa ya buti isiyozimika.

Ukilazimika kumwita fundi, mpe vipimo: betri ilisoma ngapi ikiwa imetulia na ngapi ikipigwa stata, plagi ilikuwa kavu au imelowa, cheche ilikuwepo au haikuwepo, na gari liligoma likiwa la moto au la baridi. Viandike kwenye simu wakati ule ule unapovipata, kwa sababu baada ya saa mbili juani utazichanganya namba.